Monita Yasema Hivi, Skopu Yasema Vile: Niamini Ipi?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mpiga video za harusi hapa Tanga. Mwezi uliopita nilirekodi ndoa iliyofungwa uani saa sita mchana. Bwana harusi alivaa kanzu nyeupe na joho jeusi, na yeye mwenyewe ni mweusi sana wa rangi. Nilihariri usiku kwa kompyuta yangu ya mapajani, picha ikapendeza, na wevufomu ilionyesha kwamba hakuna kilichozidi 100 wala kilichoshuka chini ya 0. Familia ilipoitazama kwenye runinga ya sebuleni, uso wa bwana harusi ulikuwa na giza na joho lilikuwa doa moja jeusi. Rafiki yangu mmoja anasema skopu ni za watu wa vituo vya televisheni, ninunue monita nzuri basi. Mwingine anasema nifumbe macho nifuate skopu. Niamini ipi, na nipime vipi?"

Marahaba, ndugu yangu. Rafiki zako wote wawili wamekosea, ila wa kwanza amekosea zaidi. Skopu, yaani vile vichoro vya kupimia picha, wevufomu yako ikiwa kimojawapo, hupima ishara yenyewe, yaani namba zilizomo ndani ya faili, na namba hizo hazibadiliki kwa sababu jua limetoka au pazia limefungwa. Monita huzigeuza namba hizo kuwa mwanga, na mwanga huo hupita chumbani na kuingia jichoni kabla wewe hujatoa hukumu yoyote, na kila kituo cha safari hiyo kinaweza kukudanganya. Kwa hiyo katika jambo la kiwango cha mwangaza mwenye kauli ni skopu, na katika jambo la kama picha ina uhai mwenye kauli ni jicho lako mbele ya monita iliyosawazishwa. Lakini skopu haijui uso ni upi na joho ni lipi, na hapo ndipo ulipoteleza. Kusema kwamba hakuna kilichozidi 100 wala kushuka chini ya 0 ni sawa na kondakta kusema kwamba mizigo yote imeingia kwenye buti: ni kweli, lakini hajakuambia kwamba trei ya mayai imelazwa chini ya gunia la mchele.

Nianze na macho, kwa kuwa ndiyo yanayotangulia kutuponza. Jicho halipimi mwanga kama mizani. Hulinganisha tu kilicho mbele yake na kilichokizunguka, na baada ya dakika chache hukizoea chochote. Miaka yangu ya mwanzo nilirekodi maulidi uwanjani saa nane mchana, jua likiwa limenipiga kisogoni, na kioo kidogo cha kamera kikaonekana cheusi tititi. Nikafungua lenzi mpaka picha ikapendeza kiooni. Usiku nilipofungua faili nyumbani, kila kanzu ilikuwa imeungua, haina mkunjo wala mshono, kana kwamba wazee wote wale walikuwa wamevikwa karatasi. Kamera haikuwa na kosa lolote. Mwanga wa jua uliokuwa ukigonga kioo ulikuwa umefunika mwanga wa kioo chenyewe, nami nikafidia kasoro ya kioo kwa kuiharibu picha.

Wewe ulifanya kosa hilohilo kwa upande wa pili. Ulihariri usiku, bila shaka katika chumba chenye mwanga mdogo, na kompyuta nyingi za mapajani za sasa zikiwekwa mwanga wa juu kabisa hutoa kandela 300 au zaidi kwa kila mita ya mraba. Kiwango ambacho wahariri wa picha za kawaida za televisheni hukitumia kwa weupe wa monita ya rejea ni kandela 100, katika chumba chenye mwanga hafifu, weupe ukiwa wa D65, yaani takribani kelvini 6500, na mkondo wa gama, yaani namna monita inavyozigeuza namba kuwa mwanga, ukifuata pendekezo la umoja wa kimataifa wa mawasiliano, ITU, liitwalo BT.1886 la mwaka 2011, ambalo kwa matumizi mengi ni gama 2.4. Ukikaa mbele ya kioo chenye mwanga mara tatu ya huo, uso wa bwana harusi utakung'alia hata kama namba zake ziko chini, na mkono wako utashawishika kuushusha zaidi ili usiumize macho. Kisha faili inakwenda kwenye runinga ya sebuleni yenye mwanga wa kawaida, mchana, madirisha yakiwa wazi, na kinachobaki ni kivuli.

Hebu sasa tuisome wevufomu yenyewe, kwa maana watu wengi huitazama kama wanavyotazama geji ya mafuta, wakisubiri tu sindano iguse mwisho. Mhimili wake wa mlalo ni upana wa picha yako: kilicho kushoto mwa picha kiko kushoto mwa mchoro, na kilicho kulia kiko kulia. Mhimili wa wima si urefu wa picha bali ni mwangaza, weusi ukiwa 0 na weupe ukiwa 100. Ina maana kwamba kwenye kila nguzo moja ya picha, kuanzia mbingu mpaka miguuni, vipande vyote vya nguzo hiyo huchorwa juu ya mstari mmoja wa wima kulingana na mwangaza wake tu. Katika picha yako, kama bwana harusi amesimama katikati, utaona katikati ya mchoro mikanda mitatu iliyoachana: mmoja juu, ambao ni kanzu, mmoja chini, ambao ni joho, na kati yao wingu hafifu ambalo ni uso na mikono. Ukiwa na shaka ni lipi, weka kidole au kiganja mbele ya uso kabla ya kurekodi, au katika programu ya kuhariri kata fremu ibaki uso peke yake, na skopu itakuonyesha uso tu. Mbinu hii ya kukata fremu ndiyo naipenda kuliko zote, na haigharimu hata senti.

Vipimo hivi vya 0 hadi 100 huitwa IRE, kwa jina la Institute of Radio Engineers, chama cha wahandisi wa redio cha Marekani kilichoungana na chama kingine mwaka 1963 kuzaa IEEE. Naitaja historia hii kwa sababu moja tu. Mafunzo mengi ya zamani ya Kimarekani yatakuambia kwamba weusi hukaa 7.5, na wapo vijana wetu wanaopandisha weusi wao hadi hapo kwa utii mkubwa. Sheria hiyo ilikuwa ya televisheni ya analogia ya mfumo wa NTSC kule Marekani. Mfumo wa PAL tulioutumia sisi haukuwa nayo, na katika dijitali haipo kabisa. Weusi ni 0.

Ndani ya faili, 0 na 100 hizo zina namba zake. Video ya biti 8 huweka weusi kwenye 16 na weupe kwenye 235, na ya biti 10 huweka weusi kwenye 64 na weupe kwenye 940, ili ibaki nafasi kidogo chini na juu. Programu huzionyesha namba hizi kila moja kwa namna yake. Kwenye DaVinci Resolve kipimo cha kawaida huandikwa 0 hadi 1023, na hapo 0 ni weusi na 1023 ni weupe, si 64 na 940, kwa kuwa programu imekwisha kuzitafsiri namba za faili kabla ya kukuchorea. Kwenye Premiere utaona IRE upande mmoja na, ukipenda, 0 hadi 255 upande mwingine. Ujue unasoma kipimo kipi kabla hujashangaa.

Sasa tuje kwenye uso, ambao ndio kiini cha malalamiko ya familia. Kamera karibu zote zina mistari ya pundamilia, ile michirizi inayochezacheza juu ya sehemu ya picha iliyofika kiwango ulichokichagua, na mafundi wengi waliotutangulia walifundishwa kwamba ukiiweka kwenye 70 na michirizi ikaanza kugusa uso, basi uso uko sawa. Kanuni hiyo si ya uongo, ila ilipimwa kwa ngozi ya Mzungu. Ngozi nyeupe hurudisha takribani asilimia 36 ya mwanga unaoipiga, mara mbili ya kadi ya kijivu ya asilimia 18, ile ambayo mafundi huitumia kupimia mwanga. Ukifuata mkondo wa Rec. 709 ambao ndio msingi wa video ya kawaida, kadi ya kijivu hukaa kwenye 41, ngozi ya asilimia 36 hukaa karibu na 60, na zile sehemu zake zinazong'aa hufika 70. Kwa mtu wa rangi ya maji ya kunde hesabu inaanza kushuka. Kwa mtu mweusi sana ambaye ngozi yake inarudisha, tuseme, asilimia 9, uso uliopigwa na mwanga uleule wa kadi hukaa karibu na 27.

Tuzifuate namba hizi mpaka mwisho, kwa kuwa zinaeleza tatizo lako vizuri kuliko maneno. Kanzu safi hurudisha kama asilimia 90 ya mwanga, na kwa mkondo uleule hukaa kwenye 95. Joho jeusi linalorudisha asilimia 3 hukaa karibu na 13, na ndani ya mikunjo yake hushuka chini ya hapo. Kwa hiyo picha iliyopigwa sawasawa kabisa uani pale ingekuwa na kanzu 95, uso 27 na joho 13. Sasa mtu aliyeshika kanuni ya pundamilia 70 akitaka kuupandisha uso huo kwa kufungua lenzi mpaka ufike 70, itambidi aongeze mwanga mara tano na nusu, yaani karibu stopu mbili na nusu, kila stopu ikiwa ni kuuzidisha mwanga mara mbili. Kanzu nayo itapanda mara tano na nusu, na hakuna kamera iliyowekwa kwenye mkondo wa kawaida itakayoipokea. Imeungua. Hata akiwa mpole, akitaka uso ufike 45 tu, itabidi aongeze stopu moja na robo, na kanzu bado itapita ukuta. Kamera zenye mkondo wa kulainisha sehemu za juu zitakusitiri kidogo, lakini hazitakuokoa.

Ndiyo maana nasema tatizo la uso mweusi karibu na kanzu nyeupe halitatuliwi na tundu la lenzi peke yake, wala na kitelezi cha programu. Hutatuliwa na mwanga wenyewe. Ungemsogeza bwana harusi hatua mbili kutoka jua la utosini hadi ukingoni mwa baraza, kanzu na uso vyote vingepokea mwanga mpana wa anga, macho yasingekuwa na mashimo ya kivuli, na shuka jeupe lililotandikwa chini au kushikwa pembeni lingeurudishia uso mwanga kuanzia chini. Ngozi nyeusi ina sifa nyingine ambayo ngozi nyeupe haina kwa kiasi hicho: umbo lake huonekana zaidi kwa mng'ao, yaani kwa namna inavyoakisi chanzo cha mwanga kwenye paji la uso, mashavu na ubavu wa pua. Chanzo kikubwa na laini huacha mng'ao mpana unaouchora uso. Jua kali huacha vidoa vidogo vyeupe na kuiacha sehemu iliyobaki kwenye giza. Kwenye wevufomu, uso wa namna hiyo ulioangazwa vizuri hauonekani kama mkanda mwembamba bali kama wingu refu, mathalani kutoka 20 upande wa kivuli hadi 50 au 55 kwenye mng'ao. Mimi huangalia juu ya wingu hilo. Upande wa uso ulioelekea mwanga ukiwa kati ya 40 na 55, nami nikiona nafasi iliyobaki kati yake na kanzu, naendelea na kazi. Hii si kanuni ya kitabu, ni mazoea yangu, na wewe utapata yako baada ya kupima nyuso nyingi.

Nitahadharishe jambo moja kwa anayerekodi kwa mikondo ya logi, ile inayobana mwangaza ili faili ibebe mengi zaidi, na ambayo hurudishwa kawaida wakati wa kuhariri. Kwenye S-Log3 ya Sony kadi ya kijivu hukaa 41 vilevile, lakini nyeupe ya asilimia 90 hukaa 61 tu. Kwa hiyo namba nilizozitaja hapo juu hazitumiki huko mpaka uwe umeirudisha picha kwenye Rec. 709, na anayeweka pundamilia 70 juu ya uso wowote katika S-Log3 anaupeleka uso huo juu ya weupe wa karatasi.

Rangi bandia, yaani kioo kuipaka kila sehemu ya picha rangi kulingana na mwangaza wake, ni njia nyingine ya kusoma mambo hayohayo juu ya picha yenyewe, na kwa mtu anayefanya kazi peke yake huenda ndiyo iliyo bora uwanjani. Monita ndogo nyingi za kupachika juu ya kamera zinayo. Katika mpangilio wa ARRI, kampuni ya kamera za sinema, kijani huonyesha eneo la kadi ya kijivu, kati ya 38 na 42; waridi huonyesha 52 hadi 56, ambako ngozi nyeupe hukaa; njano huonya kwamba weupe unakaribia kukatika, na nyekundu kwamba umekatika; zambarau ni weusi uliokwisha kuzama. Usisubiri uso wa bwana harusi wako uwe wa waridi. Histogramu nayo itakueleza ni kiasi gani cha picha kina mwangaza fulani bila kukueleza kiko wapi, na kwa joho na kanzu utaona vilima viwili ambavyo havikusaidii kumwona mtu. Mimi huitumia kwenye picha za mnato, kwenye video naiacha.

Kuna mtego mmoja wa wevufomu ya mwangaza ambao watu wa kumbi za harusi wanapaswa kuujua kwa moyo. Mwangaza unaochorwa pale si wastani wa rangi tatu kwa usawa: katika Rec. 709 kijani huchangia asilimia 71.52, nyekundu 21.26 na bluu 7.22. Sasa fikiria ukumbi ambao fundi taa amewasha taa za LED za bluu tupu juu ya bibi harusi. Bluu ya shela inaweza kuwa imekatika kabisa kwenye 100, na wevufomu ya mwangaza ikakuonyesha mchoro uliolala chini karibu na 7, nawe ukafungua lenzi zaidi ukidhani kuna giza. Nyekundu tupu iliyojaa itaonyesha 21. Chini ya taa za rangi, usiitazame wevufomu ya mwangaza. Tazama peredi ya RGB, ambayo huchora rangi tatu kando kwa kando, na uhakikishe hakuna hata moja iliyobanwa kwenye dari. Peredi hiyohiyo itakuonyesha kama kanzu ni nyeupe kweli: rangi tatu kwenye eneo la kanzu zikiwa na urefu sawa, weupe umekaa, bluu ikizidi, kanzu ina ubaridi.

Turudi kwenye sebule ya familia, kwa sababu kuna uwezekano wa pili ambao barua yako haikunipa nafasi ya kuufuta. Hukuniambia kanzu ilionekanaje kwenye runinga, nami ningeanza na swali hilo. Kama kanzu ilibaki na mikunjo yake na picha nzima ilikuwa na giza, basi lawama ni ya kompyuta yako na uhariri wa usiku, kama nilivyoeleza. Lakini kama mikunjo ya kanzu ilipotea pamoja na ya joho, huku vitu vya mwangaza wa kati kama ukuta na mkeka vikiwa kama ulivyoviona wewe, basi kosa ni la wigo wa namba. Faili iliyotolewa kwa wigo kamili wa 0 hadi 255, ikisomwa na kifaa kinachodhani ni wigo wa video wa 16 hadi 235, hukatwa pande zote mbili. Kijivu cha 41 hubaki kwenye 40, kwa hiyo hutambui kitu ukitazama katikati ya picha. Uso wa 27 hushuka hadi 24. Joho la 13 hushuka hadi 8, na mikunjo yake iliyokuwa chini ya 6 huzama yote kwenye 0. Kanzu ya 95 hupita 100 na kukatika. Kinyume chake, faili ya wigo wa video ikisomwa kama wigo kamili huonekana imepauka, weusi ukiwa umeinuka hadi 6 na weupe ukiishia 92. Skopu ya programu yako haitakuonyesha kosa hili, kwa maana kosa hutokea baada ya faili kutoka mikononi mwake. Njia ya kuligundua ni kuirudisha ndani faili uliyoitoa, uiweke kando ya mradi wa awali, na ulinganishe michoro miwili. Ikiwa inalingana, kosa liko kwenye runinga, au kwenye kisanduku au kompyuta iliyounganishwa nayo kwa waya wa HDMI, ambako mara nyingi kuna mpangilio wa wigo unaoweza kubadilishwa.

Pitia vilevile klipu ambazo wageni walikutumia kutoka kwenye simu zao. Simu nyingi za kisasa, iPhone 12 ya mwaka 2020 ikiwemo, zinaweza kurekodi HDR, yaani video yenye wigo mpana zaidi wa mwangaza, katika mkondo wa HLG, ambako weupe wa karatasi hupangwa karibu na 75 na nafasi ya juu huachiwa miale. Ukizichanganya kwenye mradi wa kawaida bila kuzigeuza, namba zake hazisomeki kama za kamera yako, na nyuso zitakuwa na mwangaza tofauti kati ya klipu na klipu.

Sasa monita. Huhitaji kununua mpya kabla hujaisawazisha uliyonayo kadiri inavyowezekana. Zima mwangaza unaojibadilisha wenyewe, zima ule umanjano wa usiku, na uache kioo kipate moto nusu saa. Weka nyuma ya meza taa hafifu nyeupe isiyoingia machoni wala kugonga kioo. Kisha tengeneza mistari ya rangi ya majaribio ya HD, ambayo programu nyingi za kuhariri zinayo, na utazame sehemu ya chini penye vipande vyembamba vyeusi vinavyokaribiana. Hivyo huitwa PLUGE, kipimo kilichobuniwa BBC kwa ajili ya kupanga monita. Kimoja kiko asilimia 2 chini ya weusi, kimoja asilimia 2 juu, na kimoja asilimia 4 juu. Rekebisha mpaka kile cha chini kisitofautishwe na weusi uliokizunguka, cha asilimia 4 kionekane wazi, na cha asilimia 2 kionekane kwa tabu. Ukiona vyote vitatu, weusi wako umeinuka. Usipoona hata kimoja, umezamishwa, na hapo ndipo majoho yanapopotelea. Kwenye runinga nyingi mpangilio unaoitwa mwangaza hugusa weusi huu, na ule unaoitwa kontrasti hugusa weupe, jambo ambalo huwachanganya wengi kwa sababu ya jina.

Mistari hiyohiyo itoe kama faili fupi, uiweke kwenye flashi pamoja na harusi, na siku ya kukabidhi kazi uicheze kwanza kwenye runinga ya mwenyewe. Nimefanya hivyo kwa wateja wengi, na mara kadhaa nimekuta runinga ikiwa kwenye ule mpangilio wa dukani wenye rangi za kuchoma macho na weusi uliokandamizwa, ambao umebaki hivyo tangu siku ilipotolewa kwenye boksi. Mwombe mwenye nyumba kwa adabu akuruhusu kuibadilisha iwe kwenye mpangilio wa filamu, na ikiwa ina kihisi cha mwanga wa chumba, kizimwe wakati wa kutazama.

Kuhusu vituo vya televisheni ambavyo rafiki yako aliviachia skopu, ni kweli kwamba wao wana sababu ya ziada, kwa kuwa kituo kinaweza kuikataa kazi iliyozidi mipaka. Pendekezo R 103 la umoja wa watangazaji wa Ulaya, EBU, kwa mfano, linataka ishara za rangi na za mwangaza zibaki kati ya 5 na 246 katika biti 8, ambazo ni sawa na asilimia 5 chini ya weusi hadi 105. Kazi yako inayokwenda kwenye flashi haina mlinzi wa namna hiyo mlangoni, kwa hiyo mlinzi ni wewe.

Ukiniuliza fedha ziende wapi, kwanza nunua kadi ya kijivu, ambayo ni bei ya chakula cha mchana cha watu wachache. Ya pili iwe monita ndogo ya juu ya kamera yenye wevufomu, rangi bandia na kikinga jua. Ya tatu iwe kifaa cha kusawazishia monita, hata cha kuazima. Na monita kubwa ya rejea iwe ya mwisho kabisa. Kwa kazi hii ya bwana harusi, usihariri upya yote. Shusha mwanga wa kompyuta yako, kata fremu ibaki uso wake, uupandishe kwa kuchagua eneo la uso peke yake mpaka upande wenye mwanga ufike 40 na kidogo, uiache kanzu pale ilipo, kisha toa dakika moja tu kwa wigo wa video na uipeleke sebuleni kwao pamoja na mistari ya majaribio. Niandikie uniambie mikunjo ya kanzu ilionekanaje.